Semina ya haki za mnunuzi kwa kikundi cha watu wenye ulemavu, Likoni: tuanze na nini?

mratibu_likoni aliuliza:

Salaam wenzangu. Kikundi chetu kina wanachama 32: 9 hawaoni au wanaona kwa shida, 7 ni viziwi, 12 wana ulemavu wa viungo (nusu yao hutumia viti vya magurudumu), na 4 wana ulemavu wa kiakili na huja na walezi wao. Tumepata ukumbi Jumamosi moja, saa tatu asubuhi hadi saa saba, na pesa za wakalimani zipo. Mada ni haki za mnunuzi.

Rasimu niliyoletewa na mwezeshaji ni kurasa 14 za vifungu vya sheria vitupu. Kwa mtindo huo chai itawakuta watu wamelala.

Malalamiko yanayojirudia kwetu ni haya. Kiti kipya kimeachia weldi baada ya wiki chache, na dukani kuna bango "mali ikishauzwa hairudishwi". Wakala wa pesa anamwambia asiyeona "nipe pini nikusaidie". Kiziwi akilalamika anapewa namba ya kupiga simu. Sokoni watu hawaiamini mizani. Makanga wanadai nauli ya pili kwa ajili ya kiti.

Tufundishe nini kwanza, tuache nini, na lipi lipelekwe wapi? Nashukuru.

faili_la_kijani alijibu:

Mratibu, hizo kurasa 14 zipunguze ziwe nusu ukurasa. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya (haki za mtumiaji bidhaa) na ya 54 (haki za mtu mwenye ulemavu) zitaje kwa dakika mbili uendelee. Kwenye sheria zenyewe kuna mambo matatu tu yanayomsaidia mtu akiwa amesimama mbele ya kaunta.

La kwanza ni hilo bango. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inabatilisha sharti lolote la muuzaji linalojaribu kufuta dhamana ambazo sheria imempa mnunuzi. Dhamana hizo nyingine zimo kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31: kitu kilingane na maelezo kilichouzwa nayo, na kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Kwa hivyo bango linamzuia aliyegeuza mawazo kuhusu rangi, halimzuii aliyeuziwa kitu kibovu. Tofauti hii isisitizeni sana. Mwanachama akienda kurudisha kitu kizima kwa sababu tu hakipendi tena, atakataliwa kihalali, kisha atarudi kikundini akisema semina ilikuwa maneno matupu.

La pili ni kusukumiwa mkataba. Sheria hiyo ya 2012 inamtaja waziwazi mnunuzi ambaye, kwa sababu ya ulemavu, kutojua kusoma au kutoelewa lugha ya mkataba, hawezi kujilinda. Muuzaji anayejua hali hiyo, au aliyepaswa kuijua, akaitumia kumfunga mtu, amefanya biashara ya dhuluma. Mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu aliposaini. Notisi haihitaji Kiingereza cha mawakili, bora iandikwe na iwe na tarehe.

La tatu ni muda, na hapa ndipo wengi huponyokwa na haki yao. Ukikigundua kitu ni kibovu ukanyamaza ukaendelea kukitumia, muuzaji atasema ulishakikubali. Bado unaweza kudai fidia ya ubovu, ila kukirudisha na kudai pesa yote kunakuwa na mvutano. Lalamika wiki hiyohiyo, kwa maandishi.

Barua ya madai wafundishe kuiandika palepale ukumbini. Iwe na mistari minne: nilinunua nini, lini, kwa bei gani na kwa risiti au msimbo gani wa malipo, ubovu ni upi, nataka nini (pesa, kitu kingine, au ukarabati), na kabla ya tarehe gani. Siku 14 zinatosha. Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa duka. Wakikataa kugonga, ipigwe picha itumwe kwa WhatsApp ya duka, na ule ujumbe usifutwe.

Kuhusu wapi pa kupeleka: ofisi nyingi za serikali humwadhibu au humrekebisha mfanyabiashara, hazikurudishii hela yako. Shirika la Viwango (KEBS) linashughulikia bidhaa duni au yenye alama ya ubora ya bandia. Mamlaka ya Ushindani inapokea malalamiko ya matangazo ya uongo na ada zilizofichwa. Mizani na vipimo ni kazi ya afisa wa vipimo. Mambo ya simu yaende Mamlaka ya Mawasiliano na ya benki yaende Benki Kuu, lakini zote mbili zitakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni yenyewe na ulijibiwa nini. Ubaguzi ni wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo ina ofisi Mombasa.

Ukitaka pesa yako, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria yake ya 2016 inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Kiziwi aandike ombi la mkalimani wa ishara siku ileile anapofungua kesi. Akingoja siku ya kusikilizwa, kesi itaahirishwa.

fundi_viti alijibu:

Namuunga mkono aliyetangulia, ila mngeanza na kiti chenyewe, sheria ifuate. Leteni viti viwili ukumbini, kimoja kizuri na kimoja kibovu, watu wavishike. Anayejua kukagua hatahitaji mahakama mara nyingi.

Vipimo kwanza. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga za mtumiaji. Kina cha kiti ni umbali kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hadi 6. Akishakaa, vidole viwili vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Mikanyagio irekebishwe hadi paja lilale sawasawa juu ya mto. Mikanyagio ikiwa juu mno magoti huinuka, uzito wote unahamia kwenye mifupa ya makalio, na hapo ndipo vidonda vinapoanza, hasa kwa mtu asiyehisi sehemu hiyo. Kiti kisicho na mto wa kupunguza mgandamizo kwa mtu wa namna hiyo ni hatari hata kama weldi zake ni safi.

Makosa yanayozaa kesi nyingi ni haya: mtu anauziwa kiti cha kukunja cha hospitali, kile cha kumsukumia mgonjwa wodini kwenye sakafu laini, naye anakwenda kukitumia kila siku mtaani. Magurudumu ya mbele ni madogo na membamba, yanazama mchangani na kukwama kwenye mashimo. Kila yanapokwama, mtetemo unapanda hadi kwenye vyuma vile viwili vya msalaba chini ya kiti, na weldi za hapo ndizo zinazoachia. Kwetu pwani ongezeni chumvi ya hewani: kromu ikichubuka kidogo tu, kutu inaingia chini yake na kula bomba.

Sasa unganisheni na alichosema faili_la_kijani kuhusu "kifae kwa kazi aliyoelezwa muuzaji". Mnunuzi aseme kabla ya kulipa, bora kwa ujumbe wa WhatsApp: "Nataka kiti cha kutumia kila siku, nje, barabara ya kokoto, na kupanda na kushuka feri Likoni. Uzito wangu ni kilo 78." Muuzaji akijibu "hiki kitafaa", ujumbe huo una nguvu kuliko waranti ya kurasa tatu.

Dukani, mkague hivi. Kifungueni na kukikunja mara kadhaa, msikilize kama kinakwaruza. Kiwekeni kwenye sakafu sawa: magurudumu yote manne yaguse chini, kikiyumba fremu imepinda. Inueni upande mmoja, mzungushe gurudumu la nyuma, lisicheze kushoto na kulia. Lishikeni ukingoni mlitikise: likigonga, beringi imeisha au nati ya ekseli imelegea. Fungeni breki mtu akiwa amekaa, kisha msukume, kiti kisisogee. Asiyeona apitishe kidole juu ya kila weldi ya msalaba. Weldi nzuri ina mawimbi madogo yaliyofuatana bila tundu wala ncha kali.

Tairi nayo. Viti vingi vya inchi 24 vina tairi ya 24 × 1 3/8, ambayo rimu yake ni milimita 540. Tairi ya baiskeli ya 24 × 1.75 ni ya rimu ya milimita 507, haiingii kabisa, ingawa zote zinaitwa "ishirini na nne". Someni ubavuni mwa tairi, kisha mdai tyubu moja ya akiba hapohapo mkiwa mnapatana bei.

Na jambo moja ambalo huharibu madai mazuri: weldi ikiachia, MSIPELEKE kwa fundi wa kuchomelea kabla ya kulalamika. Kikishaguswa, duka litasema mmekiharibu wenyewe, na huna tena cha kuonyesha. Kipigeni picha nne kwanza: kiti kizima, mpasuko kwa karibu, mpasuko na rula pembeni, na namba ya kiti iliyobandikwa kwenye fremu. Hiyo namba iwe imeandikwa kwenye risiti tangu siku ya kununua. Risiti iliyoandikwa "wheelchair 1" tu inampa muuzaji nafasi ya kusema hicho si kiti chake.

Mkipeleka kwenye ukarabati wa kulipia, takeni makadirio kwa maandishi. Sheria ya 2012 haimruhusu fundi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio yake, isipokuwa mmekubaliana upya kuhusu kazi nyingine.

ishara_pwani alijibu:

Upande wa ufundishaji, kwa sababu hapa ndipo semina nyingi huharibika hata mada ikiwa nzuri.

Saa nne zinataka wakalimani wawili wa Lugha ya Ishara ya Kenya, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Mmoja peke yake akichoka huanza kufupisha, na kinachofupishwa kwanza ni namba, tarehe na masharti, yaani kile hasa mnachofundisha. Mpe kila mkalimani mada na majina ya ofisi siku mbili kabla. Asisimame mbele ya dirisha, viziwi wataona kivuli tu.

Msiwape viziwi karatasi za Kiswahili mkadhani mmemaliza. Wengi waliosoma shule za viziwi walifundishwa kusoma na kuandika kwa Kiingereza, na Kiswahili cha maandishi kinawapiga chenga. Andaeni zote mbili, sentensi fupi.

Kwa duka: bei iandikwe kwenye kikokotoo cha simu, muuzaji aione, mnunuzi apige picha ya skrini. Baada ya hapo hakuna "mimi nilisema elfu nne, hukunielewa". Kwa malalamiko: kampuni ikitoa namba ya simu tu, kiziwi aandike barua pepe au ujumbe wenye sentensi moja ya mwanzo: "Mimi ni kiziwi, naomba nijibiwe kwa maandishi." Asimpe jirani ampigie. Jirani akijibu maswali ya utambulisho kwa niaba yake, akaunti inaweza kufungwa kwa tuhuma za udanganyifu.

Wale wanne wenye ulemavu wa kiakili wapewe kadi za picha, jambo moja kwa kadi: pesa, risiti, kitu kilichovunjika, mtu wa kumwambia. Wafanye zoezi la kununua na kurudisha kitu kwa bidhaa halisi, mara tatu au nne, kila mara kwa namna ileile. Walezi wakae upande mwingine wakati wa zoezi. Mlezi akikaa karibu atajibu yeye.

Nami nampinga kidogo fundi_viti kuhusu kuanza na kiti. Wanachama 26 hawatumii kiti. Anzeni na risiti na malipo, hayo ni ya wote, kisha mgawanyike makundi baada ya chai.

kibaba_kamili alijibu:

Basi malipo nitayasemea mimi, na soko.

Pini haisomwi kwa mtu, hata wakala awe mjukuu wako. Ni rahisi kusema, lakini asiyeona huitoa kwa sababu menyu ya M-Pesa ya *334# hukatika kabla kisoma skrini hakijamaliza kusoma. Kwa hivyo fundisheni njia mbadala badala ya kukemea. Mwenye simu janja awashe TalkBack (kisoma skrini cha simu) na atumie programu ya M-Pesa, akiwa na vipokea sauti masikioni ili pini isisikike. Mwenye simu ya vitufe ajizoeze kwa kidole: kwenye kitufe cha 5 kuna kinundu, namba zote zinahesabiwa kutoka hapo. Zoezi la dakika kumi ukumbini, kwa pini ya kubuni, linatosha kumwonyesha anaweza.

Lipeni kwenye tili au namba ya biashara ya duka, msitume kwa namba ya mtu. Ujumbe wa malipo ukija na jina la duka, msimbo wa herufi na namba 10, kiasi, tarehe na saa, hiyo ni risiti tayari. Ukitumia namba binafsi ya kijana wa kaunta, ujumbe unataja jina lake, na duka likigoma unabaki ukithibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi wao. Pochi la Biashara (akaunti ya M-Pesa ya mfanyabiashara mdogo) nayo huonyesha jina la mtu, kwa hivyo hapo omba risiti ya karatasi juu yake. Karatasi za mashine hufifia kwa joto na jasho la Mombasa, baada ya miezi michache huoni kitu. Zipigwe picha siku hiyohiyo.

Pesa ikienda pasipo, tuma ujumbe ule wa M-Pesa kwenda 456 mara moja. Aliyepokea akishaitoa, kurudishwa kunakuwa kazi.

Soko sasa. Kongowea vitu vingi hupimwa kwa mkebe, na mkebe una hila zake: kitako kimegongwa kikaingia ndani, au kimemwagiwa nta. Asiyeona ana nafasi nzuri kuliko mwenye macho hapa, kwa sababu mwenye macho hutazama ulivyojaa juu. Yeye aombe mkebe mtupu, atie mkono hadi chini. Kitako kiwe bapa, na kidole kikiwa nje na kingine ndani visisikie unene. Kwa mizani, nunua kwanza pakiti ya sukari ya kilo moja iliyofungwa kiwandani, iweke juu ya mizani ya muuzaji na mtu mnayeaminiana asome. Ikisoma zaidi ya kilo, jua unapunjwa. Usigombane. Andika namba ya kibanda na siku, umpelekee afisa wa vipimo. Mizani ya biashara inapaswa kukaguliwa na kugongwa muhuri, na kuutumia mzani usio na muhuri ni kosa hata kama unapima sawa.

Alama ya KEBS nayo hujaribiwa kwa simu: tuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali iliyo chini ya alama kwenda 20023. Jibu likitaja kampuni nyingine au bidhaa nyingine, irudishe rafuni.

mratibu_likoni aliongeza:

Ahsanteni sana, nimeshaanza kupanga upya. Yamebaki mawili. Nauli ya kiti hatujagusa. Na kuna mwanachama aliyeongezewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye bei ya kiti, duka likasema ni sheria.

faili_la_kijani alijibu:

VAT: viti vya magurudumu, na hata vifaa vya kusikia, viko kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa VAT. Mstari wa asilimia 16 juu ya kiti haufai kuwepo. Takeni risiti ya eTIMS (risiti ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato), muone kama kiti kimeandikwa kimesamehewa au kimetozwa. Kama kimetozwa, barua ya madai ileile ya mistari minne, mkidai tofauti irudishwe. Mjue tu kwamba kusamehewa si kusema kila kitu kinachoandamana na kiti kimesamehewa. Kufuli, pampu au gharama ya kuletewa nyumbani vinaweza kutozwa, na duka halikosei hapo.

Nauli: Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma ipasavyo, na ya 27 inakataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kumbagua kwa ulemavu wake. Kiti ni miguu yake, si mzigo. Lakini kubishana mlangoni gari likiwa linanguruma hakusaidii. Lipa nauli yako moja kwa simu ikiwezekana, uliza bei kabla ya kupanda, na ukitozwa zaidi chukua vitu vitano: namba ya gari, jina la sacco (ushirika wa wenye magari) ubavuni, njia, saa, na ujumbe wa malipo. Asiyeona amuulize abiria wa pembeni amsomee namba ya gari, ajirekodi akiitaja kwa sauti.

Malalamiko yaanzie sacco, kwa sababu matatu haliruhusiwi kubeba abiria likiwa nje ya sacco au kampuni, na wenyekiti wake hawapendi faili lifike NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Msipeleke malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Chapeni fomu moja yenye safu hizo tano, kila mwanachama aijaze anapotozwa, na mwisho wa mwezi ipelekwe kwa pamoja. Anayejaza safu ya "njia" aandike pia ameingilia wapi na kushukia wapi, mfano Likoni hadi Ukunda, kwa sababu wakijibu watasema nauli ilipanda kwa umbali.

fundi_viti alijibu:

Kwenye fomu hiyo ongezeni safu ya sita: kiti kiliwekwa wapi garini. Kikitupwa kwenye keria bila kufungwa kikapinda mkanyagio, hilo ni dai jingine la uharibifu wa mali, na bila maandishi ya siku hiyo hamtalithibitisha.